Deni la marehemu: Bahasha zinapoulizwa mbele ya jeneza

*Makanisa yanasema yanawaandaa waumini kwa majaribu ya maisha na kwa umilele. Kwa familia nyingi, maandalizi hayo huanza siku ya msiba, ofisi ya parokia au ya usharika inapouliza marehemu alikuwa anadaiwa nini.*

Turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na jeneza lililosafirishwa usiku kutoka Dar es Salaam liko sebuleni. Nyuma ya nyumba, vijana wa ukoo wanamalizia kuchimba kaburi ndani ya kihamba, kati ya migomba na mibuni. Ibada imetangazwa saa saba. Anayekosekana ni kaka mkubwa wa marehemu, ambaye tangu alfajiri yuko kwa katibu wa jumuiya.

Katibu ana kaunta buku lenye jalada gumu. Amelifungua kwenye jina la marehemu na kidole chake kinashuka safu kwa safu. Zaka: patupu. Mahudhurio ya sala: patupu. Mchango wa ujenzi wa nyumba ya mapadri: patupu. Bila barua ya jumuiya, kanda haitasaini; bila saini ya kanda, ofisi ya parokia haitampanga padri.

Kaka mtu anauliza jumla ni kiasi gani. Anaambiwa. Anatoa simu, anatuma, anasubiri meseji ya uthibitisho, anapewa barua. Saa nane na nusu padri anafika, na mazishi yanakwenda vizuri kabisa.

Huu si msiba wa kijiji kimoja. Anayezunguka kwenye misiba ya Kilimanjaro, Kagera au Ruvuma ameshauona au ameshasimuliwa, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri, na hata Dar es Salaam hauna ugeni. Wakati mwingine fedha haitoshi kumaliza jambo: familia inaambiwa katekista ndiye atakayezika, au wazee wa mtaa bila mchungaji, au ibada haitapita kanisani.

Ndugu hubishana kama kiasi kilikuwa halali. Majirani hubishana kama jumuiya imekuwa kali mno. Katika kelele hizo zote, ni nadra kusikia mtu akiuliza marehemu alikufaje: kama aliomba kuungama, kama alipatana na yule mdogo wake waliyekuwa hawasalimiani, kama kuna mtu wa kanisa aliyemtembelea alipokuwa bado anatambua sauti za watu.

## Daftari lilivyoingia

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hazikuanzishwa ili kudai madeni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulikuwa umewapa walei nafasi mpya, na maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 kujiuliza Kanisa la huku litasimamaje kwa miguu yake. Mwaka 1976, wakiwa tena Nairobi, walizifanya jumuiya kuwa kipaumbele cha kichungaji. Tanzania ilikuwa na sikio la kulisikia jambo hilo. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limelifanya neno kujitegemea kuwa la kila siku, kuanzia shuleni hadi shambani.

Jumuiya huchukua jina la mtakatifu msimamizi na huhama nyumba hadi nyumba. Mjini wengi husali Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda sokoni na kazini. Husomwa Injili ya Jumapili, kila mmoja akaeleza lililomgusa, kisha yanakuja matangazo. Hapo kwenye matangazo ndipo jumuiya inapoonyesha uzuri wake na ubaya wake: dakika hizo hizo hutajwa mgonjwa wa kwenda kumwona na mtu ambaye hajamaliza mchango wa ujenzi.

Barua ya jumuiya nayo ilikuwa na akili yake. Paroko wa mjini ana maelfu ya waumini. Hawezi kujua nani ni nani, nani anaishi na mke wa ndoa, nani ametoka dhehebu jingine juzi. Jumuiya inajua. Kwa hiyo mtu anayetaka ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi apite kwa wanaomfahamu. Tatizo lilianza pale kitabu kilichoandika nani anasali kilipokuwa pia kitabu cha nani ametoa.

Kwa Walutheri njia ilikuwa nyingine, kituo ni kile kile. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mmoja wa waliowafuata, Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi kwa miongo kadhaa kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kwamba Mkristo hakui peke yake. Hukua ndani ya ukoo, ujirani na rika. Hata vijana wa kipaimara aliwapanga wawili wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, akifuata desturi ya Wachagga wenyewe. Leo msharika wa KKKT ana namba yake ya bahasha, ana ahadi aliyoiandika mwanzoni mwa mwaka, na ana mzee wa kanisa wa mtaa wake. Aliyetengwa, kwa kuongeza mke au kuishi bila ndoa, hurudi kundini kwa kutubu mbele ya usharika. Akifa kabla ya kurudi, hapo ndipo simu zinapoanza kupigwa.

> Kitabu kilichoandika nani anasali kilikuja kuwa pia kitabu cha nani ametoa.

## Sheria inasemaje

Wengi hudhani katibu wa jumuiya anatekeleza sheria ya Kanisa Katoliki. Nimeisoma sheria hiyo, na haisemi anachokisema katibu.

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983 unaanza na kanuni ya jumla, namba 1176: waamini waliofariki wapewe mazishi ya Kanisa. Kunyimwa ni jambo la pembeni, nalo limewekewa mipaka katika namba 1184. Wanaotajwa ni walioikana imani waziwazi, wazushi na waliojitenga na Kanisa kwa namna inayojulikana, waliochagua miili yao ichomwe moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kanisani kungekuwa kwazo kwa waamini. Hata hao hawanyimwi kama walionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa. Penye shaka, aulizwe askofu wa mahali, na uamuzi wake ufuatwe.

Asiyelipa zaka hayumo. Aliyekosa sala za Jumamosi hayumo. Sheria inamtaja askofu. Haimtaji katibu wala mweka hazina. Namba 1181, inayohusu sadaka za mazishi, inaonya kusiwe na upendeleo na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Zaidi ya hapo, namba 1183 inaruhusu hata Mkristo asiye Mkatoliki azikwe kwa ibada ya Kikatoliki, kwa busara ya askofu, mradi mwenyewe hakulikataa jambo hilo na mhudumu wa kanisa lake hapatikani. Kwa maneno mengine, kwenye karatasi Mlutheri jirani anaweza kuwa na njia nyepesi kuliko Mkatoliki mwenye deni la ujenzi.

Sheria ya zamani, ya 1917, ilikuwa na orodha ndefu na kali. Ilimnyima mazishi aliyejiua kwa kukusudia. Ilimnyima hata aliyekufa katika pambano la watu wawili la kulinda heshima, jambo ambalo sidhani kama liliwahi kumsumbua paroko yeyote wa Marangu. Waanglikana nao, katika Kitabu cha Sala cha 1662, waliagiza ibada ya maziko isisomwe kwa asiyebatizwa, aliyetengwa na aliyejiua. Mwaka 1983 Roma ilimwondoa aliyejiua kwenye orodha, na Katekisimu ya 1992 ikaeleza kwamba ugonjwa wa akili, hofu kubwa au mateso vinaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu huyo. Mwelekeo wa karne nzima umekuwa kupunguza orodha. Kwenye jumuiya zetu orodha inaongezeka.

## Wanaoitetea barua

Viongozi wa jumuiya hawazungumzi kama watu wakatili, na hoja yao ina uzito kuliko inavyosimuliwa vijiweni.

Kwanza wanasema mazishi ya Kanisa ni tendo la imani. Padri hakodishwi kama turubai na muziki. Mtu aliyeishi miaka ishirini bila kuingia kanisani, na aliyekuwa akiwacheka wanaokwenda, anaposindikizwa kwa sala za watu aliowacheka, ni nani anadanganywa? Waumini waliokaa macho wakati wenzao wamelala wana haki ya kuona kwamba kukaa macho kuna maana.

Pili kuna kuzikana. Jumuiya ndiyo inayokesha na wafiwa, ndiyo inayobeba sufuria, ndiyo inayotoa rambirambi ya kwanza kabla ndugu wa mbali hawajapata nauli. Asiyewahi kwenda kuwazika wenzake, kisha akataka wote waje kwake, anakula kwenye chungu asichokiwekea kuni. Gharama ya hili ni ndogo: njoo usali, toa kidogo ulichonacho. Wakiliacha, wanasema, jumuiya itabaki ya bibi watatu na mtoto wa kufungua lango.

Tatu, nao hulisema kwa sauti ya chini, fedha za wamisionari hazipo tena kama zamani. Paa la kanisa, petroli ya pikipiki ya padri, mshahara wa katekista, vyote vinatoka kwenye bahasha. Sheria ya Kanisa yenyewe, namba 222, inawapa waamini wajibu wa kulihudumia Kanisa lao kwa mali.

Nawaelewa. Kwenye hoja ya kwanza na ya pili ninawaunga mkono kwa sehemu kubwa. Hoja ya tatu ni ya kweli pia, lakini mahali pake ni kwenye kikao cha fedha, na jeneza si kikao.

## Wanaoumizwa na daftari

Ukiketi na wanaolalamika, utagundua haraka kwamba wengi wao si wale waliolikimbia Kanisa. Ni walinzi wanaotoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, saa ile ile jumuiya inapoanza. Ni manesi, madereva wa malori ya kwenda Tunduma na Kigali, wauza genge ambao Jumamosi ndiyo siku yao. Ni dada wa kazi ambaye ruhusa yake ya wiki ni saa mbili za Jumapili, na jumuiya ya mtaa anaofanyia kazi haimtambui kwa sababu si mwenye nyumba.

Kisha kuna wagonjwa, na hawa ndio wanaonifanya nisiwe na subira na daftari. Mtu mwenye kisukari au saratani huacha kwenda jumuiya kwa sababu hawezi kutembea. Huacha kutoa kwa sababu fedha yote inakwenda kwenye dawa. Safu zake zinaanza kuwa tupu mwezi ule ule alioanza kuugua. Siku ya msiba, katibu anapozisoma safu hizo mbele ya ndugu, anasoma historia ya ugonjwa wa mtu na kuiita uzembe.

Hapo daftari linageuka shahidi upande wa pili. Kama jumuiya iliona jina limekaa tupu miezi kumi, ilikwenda lini kubisha hodi? Kitabu kinachoonyesha kwamba marehemu hakuja kinaonyesha pia kwamba hakufuatwa.

> Safu zake zinaanza kuwa tupu mwezi ule ule alioanza kuugua.

Kuna jingine la kiteolojia, na linawagusa Walutheri na Wakatoliki kwa namna mbili tofauti. Walutheri hawana fundisho la toharani. Kwao mtu akishafariki yuko mikononi mwa Mungu, na ibada ya maziko haibadilishi hali yake hata kidogo. Basi kumnyima ibada ni ujumbe kwa walio hai tu, na wanaoupokea ni mjane na watoto ambao huenda walikuwa washarika wazuri. Wakatoliki, kinyume chake, wanaamini Misa na sala huwasaidia marehemu. Novemba nzima wanawaombea. Ikiwa ni hivyo, aliyekufa akiwa amelegea ndiye anayehitaji sala kuliko wote, naye ndiye anayezikosa mbele ya jamaa zake, ingawa namba 901 ya sheria ile ile inamwacha padri huru kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Swali si geni. Mwanzoni mwa karne ya 5, Paulino, askofu wa Nola nchini Italia, alimwandikia Augustino kwa sababu ya mama mmoja aliyetaka mwanaye azikwe karibu na kaburi la mtakatifu. Je, inasaidia? Augustino alijibu kwa kitabu kizima kidogo. Fahari ya mazishi, alieleza, ni faraja ya walio hai zaidi ya kuwa msaada kwa wafu. Kinachoweza kumsaidia marehemu ni sala, na hata hizo zinategemea alivyoishi.

## Mafuta ya wagonjwa, mafuta ya upako

Si kila Mkristo anagombana na daftari. Wengi wamelihama. Siku za kazi wanajaza viwanja na kumbi za huduma za maombezi, ambako hakuna katibu, hakuna safu, na kila mtu huingia na shida yake: kodi ya nyumba, ajira, mimba isiyotunga, ugonjwa usioonekana kwenye vipimo. Kule majaribu ya maisha yanazungumzwa kwa majina yake, na hilo ni jambo ambalo mahubiri ya makanisa makongwe yamelipuuza kwa muda mrefu.

Lakini kinachoahidiwa mara nyingi ni kutoka kwenye jaribu, haraka, leo. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika mkanyagano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida za kawaida kabisa, na walikuwa wameambiwa ufumbuzi uko hatua chache mbele yao.

Makanisa makongwe pia yana mafuta. Kila mwaka, katika Misa ya Krisma karibu na Pasaka, askofu Mkatoliki hubariki mafuta ya wagonjwa, na kila paroko huondoka na kichupa chake. Padri humpaka mgonjwa kwenye paji la uso na viganjani. Msingi wake ni waraka wa Yakobo sura ya 5, unaomtaka mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza wazi kwamba sakramenti hii si ya anayekata roho tu, na mwaka 1972 Papa Paulo VI alitengeneza upya ibada yake. Inaweza kurudiwa ugonjwa ukizidi. Haimwahidi mgonjwa kwamba atapona. Inamwombea apone kama ni kheri kwake, na imtie nguvu asipopona.

Pamoja na hayo, kwenye wodi zetu kichupa kile bado kinaogopwa. Padri akionekana mlangoni, ndugu humkimbilia wamzuie: mgonjwa akimwona atajua anakufa. Basi wanangoja. Wanamwita saa nane usiku, mgonjwa akiwa hana fahamu, hawezi kuungama, hawezi kupokea Komunyo, hawezi kumwambia mkewe chochote. Huo ndio upungufu mkubwa wa maandalizi katika nchi hii kwa maoni yangu, na hakuna safu yake kwenye daftari lolote.

Mtu anaweza kusema kwamba wanawali watano wa Mathayo 25 walinyimwa mafuta na wenzao, kwa hiyo kila mmoja ajitegemee. Ni kweli, utayari hauazimwi. Lakini wale wenye busara hawakuwaomba wenzao stakabadhi, na waliwaelekeza kwa wauzaji wakajinunulie.

## Kaburi la Namirembe

Yuko mtu mmoja katika historia yetu ya karibu ambaye kisa chake kinaondoa vumbi kwenye mjadala huu.

Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, aliuawa tarehe 16 Februari 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumpelekea Idi Amin malalamiko kuhusu mauaji. Serikali ilitangaza ajali ya gari. Pale Namirembe, Kampala, kaburi lilichimbwa karibu na lile la Askofu James Hannington, aliyeuawa mwaka 1885. Mwili haukutolewa. Ulipelekwa kaskazini, ukazikwa Mucwini, kijijini kwao, bila mazishi ambayo kanisa zima lilikuwa limeyangoja. Jumapili iliyofuata watu walijaa Namirembe hata hivyo, wakasali mbele ya kaburi tupu.

Luwum alikuwa zao la Uamsho wa Afrika Mashariki, moto uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Uganda, Kenya na Bukoba. Aliokoka mwaka 1948, akiwa mwalimu. Watu wa Uamsho walikuwa na tabia iliyowachosha wengi: kukutana kila wiki na kusema dhambi zao kwa majina mbele ya wenzao. Nani nimemdanganya. Nani namchukia. Fedha ya nani sijairudisha. Ukali wao ulileta migogoro kwenye sharika nyingi, na baadhi walijitenga kwa kujiona watakatifu kuliko maaskofu. Lakini zoezi lile lilikuwa linawafundisha kitu ambacho siku ya kukamatwa hakuna muda wa kujifunza. Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, baadhi yao waliuawa kwa kukataa kula kiapo, na wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali ya kikoloni.

Mkutano wa Uamsho na jumuiya ya Jumamosi si vitu vilivyo mbali. Watu wale wale, mkeka ule ule, Biblia ile ile. Tofauti ni linaloulizwa.

## Luther na wosia

Walutheri wanaotafuta mwongozo hawana haja ya kwenda mbali. Mwaka 1519 Martin Luther alitoa hotuba ya kuandaa watu kufa. Ingekuwa rahisi kutarajia aanze na toba au na imani. Alianza na mali. Mtu agawe vitu vyake waziwazi, ili kifo chake kisiache ugomvi kati ya ndugu. Jambo la pili: awasamehe wote waliomkosea na aombe msamaha kwa aliowakosea. Baada ya hayo mawili ndipo anapomgeuza mgonjwa amtazame Kristo badala ya kuitazama dhambi yake.

Ukiisoma hotuba hiyo huku ukifikiria vihamba, utadhani mtu huyo alikuwa na shamba Machame. Ni misiba mingapi ambayo kabla tanga halijaondolewa watoto wa mama mkubwa na wa mama mdogo wameshafika kwa balozi? Wosia bado unaogopwa kama kichupa cha padri. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kutunza wosia, lakini mimbarini ni nadra kusikia mchungaji akisema kwamba kuandika wosia ni tendo la ibada, ingawa mwanzilishi wa mapokeo yake alilitanguliza kabla ya sala.

> Luther alianza na mali: mtu agawe vitu vyake waziwazi, kifo chake kisiache ugomvi.

## Kitandani

Wapo wanaoifanya kazi hii kimya kimya, na wengi wao hawamo kwenye mjadala wa barua. Hospitali ya Selian, Arusha, ya KKKT, ni miongoni mwa zilizotangulia nchini kuwa na tiba shufaa inayomfuata mgonjwa hadi nyumbani, ikipunguza maumivu na kumsikiliza. Wahudumu wa tiba hiyo wanajua ambalo makanisa yanasahau: mtu anayelia kwa maumivu ya saratani hawezi kutafakari umilele. Mofini ya maji huja kwanza, maungamo yanafuata. Aliyeuanzisha mwelekeo huu duniani, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alikuwa Mkristo aliyesisitiza kwamba maumivu ya mtu anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa wakati mmoja.

Jumuiya ingeweza kuwa mkono wa huduma hiyo mtaani bila kubadilisha sheria hata moja. Mpako ni wa padri peke yake, lakini Komunyo inaweza kupelekwa kwa mgonjwa na mlei aliyeruhusiwa, na parokia nyingi tayari zinao walei hao. Kwa Walutheri, mzee wa kanisa anaweza kuingia nyumba ya aliyetengwa, akasikia toba yake, akamwita mchungaji amrudishe kundini akiwa amelala kitandani. Hakuna sharti la kusimama mbele ya usharika kwa mtu asiyeweza kusimama.

Padri mwenye vigango saba na pikipiki moja hawezi kujua ni nani anaumwa wapi. Anamtegemea mtu wa kumwambia. Siku hizi jina la muumini mgonjwa humfikia mara nyingi likiwa ndani ya barua ya mazishi, limegongwa muhuri wa kanda, na deni limeandikwa chini kuwa limelipwa. Jina hilo hilo lingeweza kumfikia miezi mitatu nyuma kwa meseji ya shilingi chache, na mweka hazina wa jumuiya ndiye angekuwa wa kwanza kuituma, kwa sababu yeye ndiye aliyeona safu imeanza kuwa tupu.